Sanduku Limekojoa?

Kabla hajakusalimu, aliinama. Alishika goti kwa mkono mmoja, akachungulia chini ya sanduku lako la samaki, na akiona tone linaanguka ndipo aliponyooka na kukutazama usoni. "Limekojoa," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa habari ya asubuhi. Kama hakuna kilichodondoka, hukupata salamu. Ulipata swali, kwa sauti iliyofika hadi kwa walevi wa mapema pale baa: "Sanduku lako limekojoa leo?" Na ole wako ukijibu ndiyo kabla hujaangalia.

Sisi wa Kisumu Ndogo tulimwita Mama Samaki, ingawa wauza samaki pale Kibera ni wengi kuliko wanunuzi. Ukisema Mama Samaki, kila mtu alijua ni yule mrefu mwenye aproni ya mpira na masikio yasiyosikia akiambiwa apunguze sauti. Kati ya chumba chake na chetu kulikuwa na ukuta mmoja wa mabati. Tulisikia akipika, akiomba, akigombana na redio. Yeye naye alitusikia tukilia mama alipofariki, na kesho yake asubuhi alibisha mlango, akatutazama sisi watatu, akasema, "Nani mkubwa?"

Nikasema ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita, kidato cha pili. Rispa alikuwa na kumi na moja, Vitalis saba.

"Basi osha uso," aliniambia. "Mkubwa haonekani hivyo."

Hakusema pole. Nilimchukia kwa wiki nzima.

Baada ya mazishi, baba mdogo alikuja kutoka nyumbani Magharibi na mpango wake tayari. Rispa angeenda kwa shangazi Kitale, Vitalis angekwenda naye, mimi ningetafutiwa kazi ya nyumba kwa watu. Nilimwambia hatuachani. Alicheka, si kwa ubaya, kama mtu anayemcheka mtoto aliyevaa viatu vya babake. Lakini nilimng'ang'ania mbele ya watu wa kanisa mpaka akaona aibu. Akasema sawa, atarudi shule zikifungwa Desemba. Akikuta tunakula kwa jasho langu, atatuacha. Akikuta tunaomba majirani, anachukua watoto siku hiyo hiyo. Ilikuwa mwezi wa nane.

Sikurudi shule muhula ule. Nilienda kusimama kando ya sanduku la Mama Samaki na kumwambia nataka kuuza samaki.

Inafaa nieleze sanduku lenyewe. Lilikuwa friji iliyokufa zamani, imelazwa chali juu ya mawe manne, mlango ukiwa kifuniko. Haikuhitaji stima. Kuta zake nene zilishika baridi, na barafu ilitoka kwenye friza ya baa, ambako mwenye baa alimruhusu kugandisha maji katika mitungi iliyokatwa shingo. Samaki walitoka ziwani kwa basi, akawachukua soko la Gikomba alfajiri: ngege wengi, mbuta mmoja mmoja. Na chini kabisa ya friji, upande ulioinama kidogo, palikuwa na tundu alilolitoboa kwa msumari uliochomwa jikoni hadi ukawa mwekundu. Tundu la kupita kidole kidogo. Kazi yake yote, alivyoiona yeye, ilikuwa hilo tundu.

"Watu wanafikiri samaki anaozeshwa na joto," alisema. "Anaozeshwa na kulala kwenye maji. Hata wewe ukilala kwenye maji siku mbili hutanukia vizuri."

Adui wa tundu hakuwa uchafu peke yake. Magamba yaliliziba, ndiyo, lakini magamba unayatoa kwa spoki ya baiskeli. Shida ilikuwa barafu yenyewe. Barafu ikitoka friza ni kavu, inashika vidole kama gundi. Ukiitia vile, tone la kwanza la maji linaloteremka linaganda likifika chini. Tundu linafunga, na juu yake maji yanaanza kukusanyika.

Alikuwa na njia zake, na hakuna hata moja aliyoinunua. Kwanza, barafu haikuingia ndani mpaka itoke jasho. Aliiweka kwenye karai kivulini, akaenda kuchapa maneno na watu, akarudi kuipapasa kama mtu anayepima parachichi. Ikiwa inang'aa na kuteleza, alisema imeiva. Pili, chini ya friji alipanga fito ili barafu isikalie tundu. Tatu, na hii ndiyo aliyojivunia, alichana gunia la katani, akasokota utepe mrefu, akaupitisha tunduni ukining'inia nje kama mkia wa panya. Ndani aliufunga fundo, na katika fundo akafumba chumvi ya mawe, punje tatu, nne. Maji yalifuata mkia. Kila alipopita karibu na sanduku aliuvuta kidogo na kuurudisha, bila kutazama, hata akiwa katikati ya ugomvi.

Ugomvi wake mwingi ulikuwa na fundi viatu wa jirani, kwa sababu maji ya sanduku yalielekea kwake.

"Mathe, hii maji yako inaingia kwangu!" fundi alipiga kelele.

"Hiyo ni maji ya ziwa. Watu wanalipa nauli kuifuata, wewe unaletewa mlangoni."

"Inanuka, mathe!"

"Ni viatu za wateja wako. Usisingizie samaki."

Baada ya wiki mbili za maneno kama hayo alichimba mfereji mdogo kwa panga hadi mtaroni, peke yake, akiimba wimbo wa kanisa kwa hasira. Fundi akaja kushukuru. Akamwambia, "Sikukuchimbia wewe. Nimechoka na sauti yako." Kisha kwa miaka alimpelekea kichwa cha mbuta kila Jumamosi.

Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu, na kusema kweli hakuwa mwalimu mzuri. Alionyesha mara moja, kwa haraka, akiwa amekupa mgongo. Ukiuliza tena alisema, "Macho yako yako wapi?" Nilipewa kisanduku cha pili, friji ndogo aliyoiokota kwa muuza vyuma, na sehemu ya mwisho ya mchango wa mazishi ikawa samaki wangu wa kwanza. Nilitoboa tundu. Nilipanga fito. Nilisokota mkia. Kuhusu barafu kutoka jasho, niliona ni mambo ya wazee. Kwa nini nipoteze baridi nzuri kivulini?

Jumamosi moja asubuhi nikaipachika barafu kavu kutoka friza moja kwa moja, nikaijaza mpaka chini. Kufikia saa tano sanduku langu halikudondosha hata tone. La Mama Samaki lilikuwa linalia tip, tip, tip siku nzima. Nilifurahi. Nilidhani barafu yangu inakaa na yake inakwisha. Nilimwambia Rispa, "Ona, langu limebana kabisa." Mama Samaki aliponiuliza kama limekojoa nilimjibu kwa kiburi, "Langu halipotezi." Alikuwa na foleni ya wateja, hakuinama. Jumapili tukaenda kanisani, tukashinda huko, na mimi nikaimba kwa nguvu kuliko kawaida.

Jumatatu nilifungua. Kule chini, barafu ilikuwa imefunga tundu kama kizibo cha kioo. Kule juu, kila nilipokuwa nimefungua kumwonyesha mteja, barafu iliyeyuka na maji hayakuwa na pa kwenda. Ngege wangu walikuwa wanaelea. Nikamshika mmoja, kidole kikazama nyamani.

Nilifanya alichofanya kila mjinga kabla yangu: nilikimbia kuchemsha maji nimwage kwenye tundu. Mama Samaki alinidaka mkono sufuria ikiwa hewani.

"Unataka kupika? Pika nyumbani." Akaichukua, akaimwaga mtaroni. "Maji moto yatafungua kidogo, yatayeyusha ya juu, na yote yatashuka kuganda tena pale pale. Utakuwa na mlango mgumu kuliko wa kwanza."

Kisha akanilazimisha kunusa. Samaki mmoja mmoja, nifungue mashavu, ninuse, niseme nimenusa nini. Watu walisimama kutazama. Kijana mmoja wa bodaboda akasema, "Manze, hiyo ni ya paka sasa." Mama Samaki akamgeukia: "Wewe, ulizaliwa ukijua kuendesha? Si nilikuona ukianguka hapo kwa mtaro?" Lakini mimi hakuniacha. Nilinusa wote. Wawili walipona, aliwakaanga siku ile ile. Waliobaki nilibeba kwa karai mpaka jalalani, mchana kweupe, nikipita mbele ya kila mtu aliyewahi kuniambia nirudi shule.

Nilipoketi kando ya mawe kulia, alivuta kigoda akakaa karibu. Nilidhani sasa nitapata ile pole.

"Desemba iko wapi?" aliuliza.

"Miezi mitatu."

"Basi lia mpaka saa saba. Saa saba tunakwenda kuangalia barafu."

Nililia mpaka saa sita na nusu, nikainuka.

Ningependa kusema alikuwa mtu mnyoofu, lakini hakuwa. Samaki wa juzi aliuzwa kama wa leo, na hakuona dhambi. "Akilala vizuri ni wa leo," alisema. "Siku yake haijaisha." Alihubiri subira juu ya barafu, ila chai hakuweza kuisubiri ipoe, aliungua ulimi kila asubuhi na kila asubuhi alilaumu kikombe. Alifukuza watoto waliokuja kuomba vipande vya barafu kulamba, akiwaita wezi wa baridi. Lakini mama akija na mtoto anayechemka homa, au kijana aliyeteguka mguu uwanjani, alivunja pande zuri akalifunga kwenye kitambaa, na ukimuuliza alikana. "Lilianguka," alisema. Na huyu ambaye hakuvumilia samaki kulala kwenye maji, paa lake mwenyewe lilivuja juu ya kitanda miaka yote niliyomjua. Mvua ikinyesha tulisikia kupitia mabati akisogeza karai. Nilimwambia nipande nizibe. "Acha," akasema. "Nimezoea upande ule." Sikuwahi kumwelewa katika hilo na bado simwelewi.

Mwezi wa tisa aliniazima ngege kumi, akaniambia nimrudishie samaki kwa samaki, si maneno. Nikaanza tena. Nilingoja barafu itoke jasho hata kama mteja amesimama anagonga kifuniko. Nilivuta mkia. Nilijaribu pia njia yangu: kalamu ya biro iliyotolewa wino, niliichomeka tunduni kama bomba, ikafanya kazi siku tatu ikapasuka. Alipoiona alicheka mpaka akashika ukuta. "Umeiletea sanduku mrija wa soda!" Lakini wiki iliyofuata nilimwona akikata bomba la kumwagilia maua, kipande cha urefu wa kidole, akalichomeka kwenye tundu lake na kupitisha mkia humo ndani. Hakusema alilitoa wapi wazo hilo. Nami nikakata langu.

Wiki ya kwanza ya Desemba stima ilikatika kwenye baa siku mbili mfululizo. Nilikuwa na mitungi miwili tu ya barafu. Niliomba unga wa mbao kwa seremala, nikaujaza kwenye magunia, nikalizungushia sanduku kama mgonjwa anayefunikwa blanketi. Nilifungua kifuniko mara chache; mteja alichagua kwa maneno, mimi nikaingiza mkono. Rispa alikataa kwenda kucheza, akakaa chini anahesabu matone kwa sauti ili nijue yakikoma. Hayakukoma.

Siku ya tatu, adhuhuri, baba mdogo akatokea. Koti la kaunda, begi tupu mkononi. Lile begi ndilo lililonitisha. Mtu hatembei na begi tupu asipotarajia kulijaza nguo za mtu.

Alisalimu, akatazama huku na huku. Mama Samaki alikuwa kwenye sanduku lake, anaparua magamba, hakuinua kichwa.

"Kumbe ndiyo kazi," alisema baba mdogo.

"Ndiyo kazi, baba."

Alifungua kifuniko changu mwenyewe. Alikulia kando ya mto, anamjua samaki. Alichukua ngege, akamgeuza, akambonyeza ubavuni. Nyama ikarudi. Akafungua mashavu. Yalikuwa mekundu.

"Hawa wametoka lini?"

"Jumatano," nikasema. Siku ile ilikuwa Ijumaa.

"Leo!" Mama Samaki akadakia wakati ule ule.

Baba mdogo akatutazama mmoja, kisha mwingine. "Nani anasema ukweli hapa?"

"Yeye," akasema Mama Samaki, bado anaparua. "Mimi nauza."

Fundi viatu alicheka kwa sauti, na baba mdogo, bila kutaka, akatabasamu. Lakini hakuweka begi chini.

"Jumatano mpaka leo, na stima hakuna tangu juzi, nimesikia kule barabarani. Umefanyaje?"

Nikapiga magoti nikamwonyesha. Fito. Bomba. Mkia. Fundo la chumvi. Nikamwonyesha jinsi tone linavyofuata katani. Nilieleza kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kueleza kitu chochote darasani. Alipiga magoti naye, koti likagusa tope. Alipoinuka alimwita Vitalis.

"Wewe unataka kwenda nyumbani na mimi? Kuna ng'ombe."

Vitalis alifikiria ng'ombe. Niliona anawafikiria. "Rispa pia anakuja?"

"Rispa anakwenda kwa shangazi."

"Na huyu?" Alininyooshea mimi kidole.

"Huyu ana kazi."

"Basi mimi nitaona ng'ombe nikiwa mkubwa," akasema, akarudi kukaa karibu na Rispa.

Baba mdogo alikula kwetu siku ile, ugali na ngege wa mchuzi, akalala kwa rafiki yake, akaondoka kesho yake. Begi lake lilikuwa na samaki wawili waliofungwa kwenye magazeti. Alisema atarudi Aprili kuangalia tena. Alirudi Aprili, akaangalia, na baada ya hapo alikuja kama mgeni tu.

Tulihama Kibera nilipofika miaka ishirini na mbili. Nilipata kibanda Kawangware, karibu na stendi ya matatu za 56, kando ya duka la vifaa vya ujenzi, na sasa nina friza inayofanya kazi. Lakini friji mbili zimelala chali pale nje na mikia yake, kwa sababu stima ni stima. Rispa anasomea uuguzi na anarudi jioni. Vitalis ni fundi wa umeme, mrefu kuliko mlango. Tunakaa vyumba viwili, Riruta.

Mama Samaki tulionana mara kwa mara miaka ya mwanzo, kisha magoti yakamshinda na binti yake akamchukua. Mwaka huu, siku moja ya Jumapili tukiwa nusu siku kazini, gari dogo lilisimama na akashuka, fimbo mkononi, amekonda, sauti ile ile. Binti yake alikuwa na haja dukani, akamwacha kwangu. Nilimpa kiti. Alinitazama nikiparua kwa muda, akarekebisha namna nilivyoshika kisu, kisha akasema kama mtu anayetaja hali ya hewa:

"Yule babako mdogo. Mimi ndiye nilimwita."

Kisu kilisimama.

"Lini?"

"Siku mlipozika. Nilitoa namba kwenye simu ya mamako. Nilimwambia njoo uchukue hawa watoto, mkubwa wao ni mtoto pia, watakufa njaa nikiwasikia kwa mabati."

Nikamngoja. Niliona hajamaliza.

"Halafu ukaja kwa sanduku langu. Nikakuona. Nikampigia tena nikamwambia wacha, usirudi Desemba. Akakataa. Alishawaambia watu kwao. Sasa ningefanya nini? Nikaona bora akija akukute unajua."

"Ndio sababu ulininusisha samaki wote wale mbele ya watu."

"Hakukuwa na wakati wa kukubembeleza."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Ungeacha kuja. Ulikuwa na hasira, wewe." Akanigeukia. "Umekasirika?"

"Nimekasirika," nikasema, na ilikuwa kweli. Niliona lile begi tupu. Niliona Vitalis akiwafikiria ng'ombe. Vyote hivyo vilianza kwa simu yake.

"Sawa," akasema. "Una haki." Hakuomba msamaha, na sikutarajia aombe. Alishika fimbo, akatazama barabarani kama binti yake anarudi.

Hakuwa anarudi bado. Rispa alitokea upande wa stendi na mfuko wa sukuma, Vitalis nyuma yake na waya begani, wanabishana juu ya nani alisahau kununua nyanya. Walipomwona walimwangukia shingoni wote wawili, naye akawafokea wamwachie hewa, huku amewashika mikono na hawaachii.

Nilimalizia kumparua ngege niliyekuwa naye. Nilimchagua mwingine, mkubwa kuliko wote, nikamtia kwenye karai.

"Mwambie binti yako asiharakishe," nikamwambia.

Tulikula wanne.